Vitisho vya Kibayolojia na Usalama wa Maabara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tishio la kibayolojia ni nini hasa?

Ni kimelea chochote, au sumu itokanayo na kiumbe hai, kinachoweza kuleta maradhi kwa watu, mifugo au mazao kwa kiwango kinachozidi nguvu za hospitali na huduma za kawaida. Hutufikia kwa njia tatu. Ya kwanza ni maumbile yenyewe: virusi vinahama kutoka kwa popo, ndege au nguruwe na kuingia kwa binadamu, au vinabadilika na kupata ukali mpya. Ya pili ni ajali, pale kimelea kinapotoka maabara au kiwandani kupitia mfanyakazi aliyeambukizwa, bomba lililopasuka au taka zisizotakaswa. Ya tatu ni kusudi la mtu, kikundi au serikali.

Wengi wakisikia maneno haya huikimbilia ile ya tatu. Hapa tutaigusa, ila haitapewa nafasi kuliko inavyostahili.

Kati ya hizo tatu, ipi imeua watu wengi zaidi?

Maumbile, tena kwa mbali. Mafua ya 1918 yaliua makumi ya mamilioni. Ebola ya Afrika Magharibi, kati ya 2014 na 2016, iliwapata watu zaidi ya 28,600 na kuwaua zaidi ya 11,300. Kwa janga la COVID-19, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba miaka ya 2020 na 2021 pekee ilishuhudia vifo vya ziada, yaani vilivyozidi idadi ya kawaida, milioni 14.9 duniani.

Sasa linganisha na mashambulizi. Barua zenye kimeta zilizotumwa Marekani mwaka 2001 ziliua watu 5 na kuwafanya wengine 17 waugue. Kikundi cha kidini cha Japani, Aum Shinrikyo, kilijaribu kusambaza kimeta mjini Tokyo mwaka 1993 na hakuna mtu aliyejulikana kuugua, kwa kuwa bakteria waliokuwa nao walikuwa wa aina ya chanjo ya mifugo.

Takwimu hizo si sababu ya kumdharau mwenye nia mbaya, maana ujuzi unazidi kuenea na vifaa vinazidi kushuka bei. Lakini anayepanga bajeti kwa kutazama sinema badala ya rejista za vifo atanunua mavazi ya kutisha na kusahau sabuni, dawa ya kuulia vijidudu na mishahara ya wataalamu wa maabara.

Mlipuko ukianza, si lazima kwanza tujue umetoka wapi?

Hapana. Huenda hili ndilo jambo linaloeleweka vibaya kuliko yote.

Mwaka 1984, katika mji mdogo wa The Dalles, jimboni Oregon, Marekani, watu 751 waliugua kutokana na bakteria wa salmonela. Wachunguzi wa afya walishuku usafi wa wahudumu wa migahawa. Ukweli ulidhihirika mwaka uliofuata: wafuasi wa kikundi cha kidini walikuwa wamechafua meza za saladi kwa makusudi, wakitaka wapiga kura wengi wawe wagonjwa siku ya uchaguzi. Mwaka mzima chanzo halisi hakikujulikana. Hata hivyo wagonjwa walikuwa wameshatibiwa, meza za saladi zilikuwa zimeshafungwa na mlipuko ulikuwa umeshakwisha. Kazi iliyouzima ni ileile ambayo ingefanywa kama kosa lingekuwa la mpishi asiyenawa mikono.

Zile barua za 2001 nazo hazikugunduliwa na majasusi. Daktari mmoja huko Florida alitazama kwa hadubini majimaji ya uti wa mgongo ya mgonjwa wake, akaona bakteria wenye umbo la vijiti, akashuku kimeta na kuomba kithibitishwe. Kama asingeshuku, au kama kusingekuwa na maabara ya kuthibitisha, siku nyingine zingepita huku barua zikiendelea kufunguliwa.

Mhudumu anayeshuku, maabara inayoweza kujibu, na mtu wa kupigiwa simu usiku wa manane: nchi yenye hivi vitatu imejiandaa kwa popo, kwa bomba lililopasuka na kwa gaidi kwa mpigo mmoja. Uchunguzi wa chanzo ni muhimu, na polisi wana nafasi yao, lakini unakwenda sambamba na uokoaji wa maisha. Haupaswi kuutangulia.

Usalama wa kibayolojia na ulinzi wa kibayolojia vinatofautianaje?

Usalama wa kibayolojia unawakinga watu dhidi ya vimelea: glovu, hewa inayochujwa, taratibu za kazi, utakasaji wa taka. Ulinzi wa kibayolojia unakinga vimelea dhidi ya watu: nani ana ufunguo wa friza, nani ameorodheshwa kuingia, chupa ngapi zilikuwemo jana na ngapi zimo leo.

Mara nyingi viwili hivi vinasaidiana. Mara nyingine vinagongana. Mtu wa usalama anataka mlango uwe na alama kubwa ya hatari yenye jina la kimelea, ili mzima moto ajue anaingia wapi. Mtu wa ulinzi anaona alama hiyo inamwelekeza mwizi. Mlango wa dharura lazima ufunguke upesi kutoka ndani, na mlinzi hapendi milango inayofunguka upesi. Maabara nzuri huwakalisha watu hawa wawili meza moja kabla jengo halijajengwa.

Ni kweli vimelea viliwahi kutoroka maabara?

Ni kweli, na si siri. Yafuatayo yote yameandikwa na kuchunguzwa.

Mwezi Oktoba 1977, Ali Maow Maalin wa Merca, Somalia, akawa mtu wa mwisho kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida. Alipona. Mwaka uliofuata ugonjwa ambao dunia iliuhesabu umekwisha ulizuka Birmingham, Uingereza. Janet Parker, mpiga picha wa chuo cha udaktari, alikuwa na ofisi ghorofa moja juu ya maabara ya virusi vya ndui. Alifariki Septemba 1978, na ndiye mtu wa mwisho duniani kujulikana kufa kwa ndui. Namna virusi vilivyomfikia bado inabishaniwa hadi leo.

Mwezi Aprili 1979, spora za kimeta, yaani mbegu sugu za bakteria wake, zilivuja kutoka kituo cha kijeshi mjini Sverdlovsk, Umoja wa Kisovieti, mji ambao leo unaitwa Yekaterinburg. Watu wasiopungua 66 walikufa. Serikali ikasema walikula nyama iliyoharibika, na ikashikilia maelezo hayo kwa zaidi ya miaka 10. Mwaka 1992 Rais Boris Yeltsin alikiri kwamba jeshi lilihusika. Timu ya mwanasayansi Matthew Meselson ikaenda kuhoji familia nyumba kwa nyumba, ikaweka kwenye ramani mahali kila marehemu alipokuwa mchana wa tarehe 2 Aprili. Wengi wao walikuwa kwenye ukanda mwembamba, upande ule ambako upepo wa siku hiyo ulikuwa ukielekea. Nyama haifuati upepo.

Baada ya mlipuko wa 2003 wa SARS, ugonjwa mkali wa mapafu, kuzimwa, virusi vyake vilitoka tena maabara Singapore na Taiwan mwaka huohuo, kisha Beijing mwaka 2004. Singapore, mwanafunzi alikuwa akishughulikia virusi vingine kabisa. Sampuli yake ilikuwa imechanganyika na SARS bila yeye kujua. Beijing, virusi vilivyodhaniwa vimeuawa vilipelekwa kwenye chumba cha kawaida, kumbe vilikuwa hai. Watu 9 waliugua na mmoja akafa: mama wa mtafiti, ambaye alimuuguza bintiye.

Mwaka 2007, ugonjwa wa midomo na kwato uliwapata ng'ombe wa mashamba yaliyo karibu na kituo cha Pirbright, Uingereza, kwa sababu mabomba ya maji machafu yalikuwa yamechakaa. Mwaka 2019, kiwanda cha chanjo ya mifugo mjini Lanzhou, China, kilitumia dawa ya kutakasa iliyopita muda wake. Bakteria wa brusela wakatoka na hewa chafu, na watu zaidi ya 10,000 wakapimwa na kukutwa na maambukizi.

Tazama visababishi: bomba, dawa iliyokwisha muda, sampuli isiyohakikiwa. Hakuna hata kimoja kinachohitaji mtaalamu mwovu.

Na COVID-19 je, ilitoka maabara?

Kikundi cha wataalamu kilichoundwa na WHO kuchunguza chanzo kilitoa ripoti Juni 2025. Kilisema uzito wa ushahidi uliopo unaelekea upande wa virusi kuhama kutoka kwa wanyama, lakini dhana zote bado zipo mezani, kwa kuwa taarifa nyingi zilizoombwa kutoka China hazikutolewa. Anayekuambia kwa uhakika kamili, kwa upande wowote ule, anajua zaidi ya wachunguzi wenyewe.

Viwango vya maabara 1 hadi 4 vinamaanisha nini?

Kiwango cha 1 ni kwa vijidudu visivyowadhuru watu wenye afya, kama vile vya darasani. Cha 2 ndicho cha hospitali nyingi: vimelea vinavyoleta ugonjwa lakini ambavyo kwa kawaida vina tiba au kinga, na ambavyo haviruki hewani kirahisi. Cha 3 ni kwa vile vinavyoambukiza kwa hewa na kuua, mfano bakteria wa kifua kikuu wanapooteshwa kwa wingi. Hapo hewa ya chumba huvutwa kuelekea ndani na kuchujwa kabla ya kutoka. Cha 4 ni kwa Ebola, Marburg na jamaa zao, na wafanyakazi huvaa suti nzima yenye hewa yake.

Namba hizi zimezoeleka mno, kiasi kwamba baadhi ya nchi huzitafuta kama nishani. WHO, katika toleo la 4 la mwongozo wake wa usalama wa maabara lililotoka 2020, iliacha kuzitegemea na kusisitiza tathmini ya hatari: kazi gani inafanywa, kwa kiasi gani cha kimelea, na nani, kwa vifaa gani. Nadhani ilikuwa hatua ya busara. Kupima damu ya mgonjwa na kuotesha kimelea chake kwa lita ni kazi mbili tofauti, hata kama kimelea ni kilekile. Tena maabara ya kiwango cha juu ikishajengwa ni lazima ilishwe umeme, vichujio na mafundi kila siku ya uhai wake. Msaada wa kujenga hupatikana upesi kuliko msaada wa kutunza, na chumba cha kiwango cha 3 ambacho feni zake zimesimama kina hatari kuliko chumba cha kiwango cha 2 kinachofanya kazi vizuri, kwa sababu walio ndani wanaamini wamekingwa.

Mfanyakazi wa maabara analindwa na nini hasa?

Wageni huangalia mavazi. Mavazi ni kinga ya mwisho, inayobaki pale nyingine zote zimeshindwa.

Kinga ya kwanza ni kutofanya kazi hatari isiyo ya lazima. Kama kipimo kinaweza kufanywa kwa kimelea kilichokwisha kuuawa, kiuawe kwanza, na ihakikishwe kwamba kimekufa kweli. Hatua hii ya kuhakikisha ndiyo inayorukwa. Iliponza Beijing, na mwaka 2014 ikaponza Atlanta, ambako wafanyakazi wengi wa Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani (CDC) walipewa dawa kwa kinga baada ya kimeta kilichodhaniwa kimekufa kupelekwa kwenye vyumba vya kiwango cha chini cha usalama. Mwaka uliofuata ikabainika kwamba kituo kimoja cha jeshi la Marekani kilikuwa kimetuma kimeta hai kwa maabara nyingi, hata nje ya nchi, kwa miaka kadhaa.

Kinga ya pili ni kabati la usalama wa kibayolojia, kifaa ambacho hewa yake hupita kwenye vichujio vinavyonasa asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa mikromita 0.3. Kabati hili linakinga kweli, mradi limekaguliwa na fundi mwenye sifa kila mwaka, halijajazwa makasha mbele ya matundu ya hewa, na mtumiaji haingizi na kutoa mikono kwa pupa. Tatu ni otoklevu, mtungi wa mvuke wa shinikizo unaofikia nyuzi 121 za Selsiasi. Taka zikishindiliwa mno mvuke hauziingii, na kipimajoto cha nje kitasoma 121 vilevile. Ndiyo maana hujaribiwa kwa vidonge vya spora sugu: spora zikiota baada ya kupikwa, taka hazikutakasika.

Halafu kuna sindano. Ukiweza kufanya kazi bila chuma chenye ncha, fanya bila.

Kwa nini vimelea hatari vinahifadhiwa? Si bora viteketezwe vyote?

Vipo vinavyohitajika kwa kutengeneza vipimo, chanjo na dawa. Ubishi mkubwa ni juu ya ndui. Ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980, na leo virusi vyake vimebaki rasmi katika vituo viwili tu, CDC mjini Atlanta na kituo cha utafiti wa virusi cha VECTOR huko Koltsovo, Urusi. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani umekuwa ukiahirisha kuviteketeza mara kwa mara.

Neno la kuzingatia hapo ni "rasmi". Mwezi Julai 2014, katika chumba cha ubaridi kwenye eneo la Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, karibu na Washington, zilikutwa chupa 6 zenye maandishi ya ndui zilizosahaulika tangu miaka ya 1950. Katika chupa mbili virusi vilikuwa bado hai. Hii ni nchi tajiri, yenye sheria kali na wakaguzi.

Kwa hiyo, kabla ya kufikiria kamera na kufuli za alama za vidole, maabara yoyote ianze na daftari: kila friza, kila kasha, kila chupa, jina la aliyeiweka na tarehe. Kisicho na mwenyewe kiteketezwe mbele ya shahidi. Ni kazi ya kuchosha na haipigwi picha siku ya uzinduzi.

Sampuli husafirishwaje?

Kwa vifungashio vya tabaka tatu: chupa isiyovuja, kasha la pili lisilovuja lenye kitu cha kufyonza kilichomwagika, na kasha gumu la nje. Sampuli zinazoweza kuua au kulemaza mtu aliyekutana nazo huandikwa UN2814, na nyingi za wagonjwa wa kawaida UN3373. Anayefungasha lazima awe amefunzwa, na dereva ajue cha kufanya kasha likianguka. Muda nao ni sehemu ya usalama, kwa kuwa sampuli iliyooza njiani italazimisha mgonjwa atolewe nyingine, na kila kutoa sampuli ni hatari mpya.

Nchi ikipata mlipuko, sheria inataka ifanye nini?

Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007, zinazibana nchi 196. Nchi inatakiwa itathmini tukio ndani ya saa 48, na ikiona linastahili, iiarifu WHO ndani ya saa 24 baada ya tathmini. Yapo maswali manne. Je, madhara yake kwa afya ya umma ni makubwa? Je, si la kawaida au halikutarajiwa? Linaweza kuvuka mipaka? Linaweza kusababisha vizuizi vya safari au biashara? Majibu mawili ya ndiyo yanatosha. Ndui, polio ya virusi vya asili, SARS na aina mpya ya mafua kwa binadamu haviulizwi: hata mgonjwa mmoja anaripotiwa.

Wataalamu wa milipuko hutumia pia kipimo cha 7-1-7: siku 7 za kugundua, siku 1 ya kutoa taarifa, siku 7 za kukamilisha hatua za mwanzo za kukabiliana. Nakipenda kwa sababu kinauliza jambo lililotokea, si lililoandikwa kwenye mpango. Mlipuko ukiisha unarudi nyuma, unahesabu siku, na unaona mahali ulipokwama.

Mbona basi nchi huchelewa kusema?

Kwa sababu kusema kunagharimu, na anayelipa ni msemaji. Tarehe 24 Novemba 2021 Afrika Kusini iliiarifu WHO kuhusu aina mpya ya virusi vya korona, ambayo baadaye ilipewa jina la Omicron. Wanasayansi wake walikuwa wamefanya kazi ya mfano. Ndani ya siku chache nchi za kusini mwa Afrika zilifungiwa safari za ndege na mataifa mengi, wakati virusi hivyo vilikuwa vimeshafika Ulaya. Waziri wa afya wa nchi nyingine aliyekuwa akitazama alijifunza nini?

Ndani ya maabara mambo ni yaleyale kwa udogo. Fundi aliyemwaga chupa akijua atakatwa mshahara, atapangusa na kunyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa kifo huenda kikamuumbua jirani yake. Mifumo ya usafiri wa anga ilishalielewa hili: ripoti ya kosa huchukuliwa kama taarifa, na adhabu hubaki kwa mzembe wa makusudi na kwa anayeficha. Ukitaka kujua hali ya usalama wa maabara fulani, omba daftari la matukio. Likiwa tupu kwa miaka mitatu, uwe na wasiwasi.

Nani anazuia serikali kutengeneza silaha za kibayolojia?

Mkataba wa Silaha za Kibayolojia, uliofunguliwa kutiwa saini 1972 na kuanza kazi 1975, unapiga marufuku kuzitengeneza na kuzihifadhi. Nchi zaidi ya 180 ni wanachama. Udhaifu wake ni kwamba hauna wakaguzi. Umoja wa Kisovieti ulikuwa miongoni mwa walezi wa mkataba huo na wakati huohuo ukaendesha mradi mkubwa wa siri wa silaha hizo. Mazungumzo ya kuongeza utaratibu wa ukaguzi yalivunjika 2001, Marekani ilipoukataa. Silaha za kemikali zina shirika kamili lenye wakaguzi. Mkataba huu una ofisi ya watu wachache mjini Geneva.

Utafiti wenyewe hauwezi kuleta hatari?

Unaweza. Mwaka 2011 makundi mawili ya watafiti, moja Uholanzi na jingine likifanya kazi Marekani na Japani, yalionyesha kwamba mafua ya ndege yanaweza kubadilishwa yakaambukizana kwa hewa kati ya wanyama wa maabara. Ugomvi kuhusu kuchapishwa kwake ulidumu miezi. Mwaka 2018 watafiti wa Kanada walichapisha jinsi walivyounda upya virusi vya ndui ya farasi kwa kutumia vipande vya DNA vilivyoagizwa kwa posta.

Tangu hapo macho yameelekea kwa kampuni zinazouza DNA. Nyingi kubwa hukagua maagizo na wateja kwa hiari, lakini si zote, na nchi nyingi hazina sheria inayolazimisha. Kwangu hapa ndipo mahali ambapo sheria ndogo ingeleta faida kubwa, kwa kuwa milango ni michache na inajulikana. Kamati za maadili za vyuo nazo zinatakiwa kuuliza swali moja kabla ya fedha kutolewa, si baada ya makala kuandikwa: je, jibu hili lingeweza kupatikana kwa njia isiyo na hatari hii?

Alama ambazo nchi hupewa kwa utayari zina maana yoyote?

Zina maana, ila kidogo kuliko zinavyotangazwa. Orodha ya dunia ya usalama wa afya iliyotoka 2019 iliiweka Marekani ya kwanza na Uingereza ya pili. Miezi michache baadaye COVID-19 ikazikumba nchi zote mbili vibaya sana. Orodha ilihesabu maabara, sheria na wataalamu. Haikuweza kuhesabu kama viongozi watawasikiliza, wala kama wananchi watawaamini.

Mazoezi ya kuigiza mlipuko yanafaa zaidi, mradi yasiwe tamasha. Zoezi zuri hufanyika Jumapili usiku bila taarifa, na la kwanza kuulizwa ni kama simu ya zamu inapokelewa.

Bila chanjo, mlipuko unazimika?

Mara nyingi, ndiyo. Uganda ilitangaza Ebola aina ya Sudan Septemba 2022. Chanjo iliyoidhinishwa mwaka 2019 ni ya aina ya Zaire tu, hivyo hapakuwa na chanjo yenye idhini. Mlipuko ulitangazwa kwisha Januari 2023, baada ya kuwatafuta waliokutana na wagonjwa, kuwatenga walioumwa na kuzika kwa usalama. Kwa virusi vinavyoenea kwa pumzi kabla mtu hajaonyesha dalili, njia hizo pekee hazitoshi, zinanunua muda.

Nimefungua bahasha yenye unga nisioufahamu. Nifanyeje?

Usiitikise, usiinuse, usiipeleke kumwonyesha mwenzako. Iweke chini taratibu, zima feni kama unaifikia, toka chumbani na ufunge mlango. Nawa mikono kwa maji na sabuni. Piga simu polisi, na waliokuwemo chumbani waandikwe majina. Nguo zenye unga zivuliwe na kuwekwa kwenye mfuko, kisha uoge. Mara nyingi sana huwa ni unga wa kawaida au mzaha wa kijinga, lakini anayepaswa kuamua hivyo ni maabara.

Nafanya kazi maabara na nimejichoma sindano. Nimwambie nani?

Kwanza jitibu: acha kazi, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usilikamue wala kulinyonya. Kama umerukiwa na majimaji machoni, suuza kwa maji mengi kwa dakika 15. Kisha mwambie msimamizi wako na kliniki ya wafanyakazi saa hiyohiyo, ukitaja kimelea ulichokuwa ukikishughulikia. Dawa za kinga zina saa zake. Za VVU zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo na zisivuke saa 72.

Tukio liandikwe siku hiyohiyo, damu ichukuliwe kama utaratibu unavyotaka, na upewe karatasi yenye dalili za kuangalia na namba ya kupiga. Ukipata homa katika wiki zinazofuata, usiende hospitali ya kwanza unayoiona ukasema una malaria. Piga ile namba kabla ya kutoka nyumbani, na ukifika umwambie mhudumu wa mapokezi, kabla hajakugusa, kazi unayofanya.